Maji ya Manjanja, Kutoka Mlimani Mpaka Ziwani

Juma hili hatuwapeleki Moba wala Kongolo. Safari yetu ni ya mguu: inaanza kwenye nyumba za mlimani hapa Kalemie na inaishia kwenye mchanga wa ziwa. Tuliifanya Jumatano, mara mvua ilipokatika, wamama sita pamoja na watoto wawili waliokataa kubaki nyumbani. Tulitaka kuona jambo moja tu: maji yanayodondoka kutoka kwenye mapaa yetu yanakwenda wapi, na yanafanya nini njiani.

Swali lilitoka kwenye likelemba. Kuna pesa ya kikundi inayoweza kununua masufuria makubwa ya kukodisha kwenye harusi na matanga, au kununua gutieri, ile mifereji ya bati inayofungwa kwenye ukingo wa paa. Wanaotaka masufuria waliuliza: sufuria inaleta franka kila Jumamosi, gutieri italeta nini? Ni swali zuri, na hatukuweza kulijibu tukiwa tumekaa kwenye viti.

Tulianzia juu. Kule mlimani bado kuna nyumba chache za nyasi katikati ya manjanja mengi. Bibi mmoja mzee alitukaribisha kwake. Mvua ilikuwa imekwisha kama nusu saa, lakini ukingo wa paa lake la nyasi ulikuwa bado unatoa tone moja moja. "Nyasi zinakunywa kwanza," alituambia, "halafu zinamwaga polepole." Kweli paa la nyasi husimama kwa mteremko mkali, kwa sababu likilala maji yanaingia ndani. Kila unyasi hupokea tone na kulipitisha kwa unyasi wa chini yake, na safari hiyo huyachelewesha maji. Chini ya ukingo tuliona vishimo vidogo tu, kama vya kuku anayejitia vumbi.

Nyumba ya jirani yake ina manjanja. Pale hapakuwa na tone hata moja, maji yote yalikwisha kushuka wakati mvua inanyesha. Chini ya ukingo kulikuwa na mtaro wenye kina cha kiganja, umenyooka kana kwamba mtu ameuchimba kwa jembe, na ndani ya mtaro kila bonde la bati lilikuwa na shimo lake. Mtoto mmoja alianza kuhesabu mashimo akaishia 41, mama yake akamvuta mkono twende.

Bati hili lenye mawimbi si la zamani sana. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hati ya uvumbuzi wake mjini London mwaka 1829. Aligundua kwamba bati jembamba linalojipinda lenyewe linakuwa gumu likikunjwa mawimbi, na kwamba mabonde ya mawimbi hayo yanaongoza maji. Mwaka 1837 Mfaransa Sorel akapata hati ya kulipaka chuma zinki ili lisile kutu. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyozaa paa tunaloliona leo kila avenyu. Ni paa zuri. Haliliwi na mchwa, haliogopi cheche za jikoni, na linaweza kulala kwa mteremko mdogo bila kuvuja, kama fundi amepiga misumari juu ya mgongo wa wimbi na siyo ndani ya bonde, na kama bati la juu limelalia bati la chini. Mkienda kununua, kumbukeni kwamba BG 32 ni jembamba kuliko BG 28, ingawa namba ni kubwa. Wauzaji wengine hawalisemi hilo mpaka waulizwe.

Lakini paa la manjanja halinywi kitu. Linapokea mvua na kuirusha chini yote kwa mara moja. Na kelele! Sisi walimu tunajua: mvua kubwa ikianza juu ya darasa lisilo na dari, somo limekwisha. Tunaandika ubaoni na watoto wananakili, maana hata anayeketi mbele hasikii neno.

Sasa tufanye hesabu, na wamama wenye watoto wa darasa la sita wawaombe waifanye upya nyumbani. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Chukueni nyumba ya metre 8 kwa metre 6, ambayo ni ya kawaida kabisa kwetu. Mteremko wa paa hauna kazi katika hesabu hii. Pimeni chini, sehemu ile paa inayofunika. Tunapata metre za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu katika majira yetu, inaleta lita 960 juu ya nyumba hiyo. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa yale yanayoruka pembeni na yanayokauka, zinabaki lita 768. Kwa bidoni za lita 20, hizo ni bidoni 38.

Tulisimama pale mlimani tukatazamana. Bidoni 38, kutoka paa moja, alasiri moja. Mmoja wetu, ambaye binti yake anapanda na kushuka na bidoni kila asubuhi kabla ya shule, alikaa kimya muda mrefu.

Tukaanza kushuka. Hapa ndipo tulipoona kazi ya maji yale. Nyumba nyingi za mlimani zimejengwa kwa matofali mabichi, udongo uliokaushwa na jua bila kuchomwa. Ukuta wa namna hiyo unaweza kukaa miaka mingi ukiwa mkavu. Ukilowa chini, unalainika kama mkate ndani ya chai. Na maji hayaulowi kutoka juu, kwa kuwa paa linaukinga. Yanaulowesha kutoka chini: yanadondoka kwenye mtaro wa ukingo, yanaruka na tope, yanapiga ukuta kimo cha goti. Msimu baada ya msimu ukuta unaliwa pale chini mpaka unakuwa mwembamba kama kiuno, halafu usiku mmoja unalala. Tulihesabu nyumba nne zenye kiuno hicho kwenye avenyu moja. Nyumba ambazo ukingo wa paa umetoka mbele sana, hatua nzima au zaidi kutoka ukutani, zilikuwa na hali nzuri. Nyumba za zamani za wakati wa Albertville zilijengwa na baraza pana pande zote, na baraza ile haikuwa ya kupumzikia tu. Ilisukuma maji mbali na ukuta. Siku hizi fundi anaulizwa apunguze manjanja ili gharama ishuke, naye anapunguza kwenye ukingo, mahali ambapo mwenye nyumba haoni hasara mpaka mwaka wa tatu.

Kutoka kwenye mitaro ya nyumba maji yanaingia kwenye avenyu. Nyumba kumi za mlimani, kila moja na lita zake mia saba, zote zikimwaga ndani ya saa moja kwenye njia moja ya udongo isiyo na mfereji: basi njia yenyewe inakuwa mfereji. Tulipita pahali ambapo avenyu imegawanyika kuwa kingo mbili, na katikati kuna bonde ambalo mtu mzima akiingia anaonekana kichwa tu. Wakazi wametupa humo magunia ya mchanga, matairi na matawi. Wamefanya wanavyoweza, lakini maji ya juu yakiendelea kuja kwa wingi ule, gunia linasafiri nayo.

Si sisi peke yetu. Kinshasa, ambako vilima vingi ni vya mchanga, mabonde ya mmomonyoko yamemeza nyumba, njia na makaburi, na katika mvua ya usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022 zaidi ya watu 100 walikufa. Kwenye vilima vile mji ulipanda haraka kuliko mifereji: manjanja na simenti vilifunika ardhi iliyokuwa inakunywa mvua, na hakuna aliyeonyesha maji pa kupita. Kalemie ni ndogo kuliko Kinshasa, lakini mteremko wetu ni mteremko na udongo wetu unabebeka.

Chini kabisa, karibu na ziwa, maji yalikuwa yamesimama. Wenye kukaa katika komini ya Lac wanajua zaidi kuliko sisi. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba na njia, hapa kwetu, Uvira, hata Bujumbura ng'ambo ile, na kuna familia ambazo hazijarudi mahali pao. Wengi huuliza kwa nini ziwa likipanda halishuki upesi. Jibu liko hapa hapa mjini: ziwa Tanganyika, pamoja na ukubwa wake wote na kina chake cha metre 1.470, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga unaoanzia Kalemie na kwenda Lualaba. Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874, mlango huo ulikuwa umezibwa na majani na matope, na miaka michache baadaye maji yaliyopanda yakaufungua yenyewe. Hata ukiwa wazi, Lukuga haibebi kila kitu. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa inatoka kwa kupanda juu kama mvuke wa jua. Kwa hiyo ziwa linapanda polepole na kushuka polepole, na likiwa juu, maji ya mlimani yakifika bondeni hayana pa kwenda. Yanakaa uani, na kuingia kwenye vyoo.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo kila mama wa Kalemie analijua bila kufundishwa. Choo cha shimo kikijaa maji ya mvua, kilichomo kinatoka. Kinapita uani, kinakwenda kwenye kisima, kinakwenda ziwani, na asubuhi yake binti anashuka na bidoni kuteka maji yale yale. Kipindupindu kwetu si mgeni, mji wetu uko kati ya miji ya ziwa ambako ugonjwa huu unarudi kila mwaka. Kule Uvira watafiti walifuatilia wagonjwa waliopokelewa tangu 2009 mpaka 2014, wakalinganisha na siku ambazo maji ya bomba yalitoka na siku ambazo hayakutoka. Waliona kwamba baada ya siku nzima bila bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kupita mara mbili. Bomba likikauka, watu wanarudi ziwani. Wangekuwa na pipa lililojaa nyumbani, pengine siku ile wasingerudi.

Kwa hiyo katika mji mmoja, siku moja, maji ambayo hayajagusa ardhi yanamwagwa kutoka juu ya nyumba, yanavunja ukuta wa mwenye nyumba, yanachimba avenyu, yanafurisha choo cha mtu wa bondeni, na mtoto anatumwa kuyachota kule chini yakiwa yamekwisha kuchafuka. Hatukuhitaji mtaalamu wa kutuonyesha. Tuliyafuata kwa miguu, saa mbili tu.

Wenzetu wa pwani walishaona thamani ya maji haya. Katika visiwa vya Lamu, huko Kenya, ambako maji ya visima mara nyingi yana chumvi, watu hujenga jabia: sakafu pana iliyosakafiwa vizuri inayopokea mvua na kuipeleka kwenye tangi lililofunikwa. Maji ya jabia hutumiwa kwa hesabu, maana ndiyo yaliyopo. Unguja, katika Mji Mkongwe, nyumba za mawe zilijengwa zamani na mapaa ya chokaa yaliyolala, lakini mvua za kule zilikuwa nyingi, mapaa yakavuja, na watu wakaweka mabati yenye mteremko juu yake. Lamu wana shida ya kukosa, Unguja walikuwa na shida ya kuvujiwa. Sisi tuna mvua tele tangu Oktoba mpaka Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Pipa halitatufikisha mwisho wa kiangazi, tusidanganyane. Litatusaidia katika miezi ya mvua, na miezi hiyo ndiyo yenye tope, mafuriko ya vyoo na kuharisha kwa watoto.

Sasa kuhusu gutieri yenyewe. Bati bapa likikunjwa na fundi linatosha. Kipimo rahisi ambacho mafundi wengi hufuata ni hiki: kwa kila metre moja ya mraba ya paa, nafasi ya maji ndani ya gutieri iwe sentimita moja ya mraba. Upande mmoja wa nyumba yetu ya mfano ni metre za mraba 24, basi gutieri yenye upana wa sentimita 8 na kina cha 6 inabeba bila kumwaga, na nafasi inabaki kwa majani ya mwembe. Iinamishwe kidogo kuelekea pipa, sentimita moja kwa kila metre. Ikiinama kuliko hapo, upande wa mwisho unakuwa mbali na ukingo na maji yanairuka. Ifungwe kwa waya nene au vyuma kila baada ya hatua moja, kwa sababu ikijaa inakuwa nzito. Tuliona moja mlimani iliyofungwa kwa kamba ya nailoni, imelegea katikati kama machela.

Anayeshindwa na pande mbili aanze na upande mmoja. Upande mmoja, kwa mvua ile ile ya milimita 20, ni bidoni 19.

Pipa lisimame juu ya matofali ili bidoni iingie chini ya bomba lake, na lifunikwe. Tunasisitiza kifuniko kuliko kitu kingine chochote, maana pipa wazi ni kiwanda cha mbu: yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 10 hivi. Kitambaa cha chandarua kilichochakaa, kikifungwa mdomoni kwa mpira wa baiskeli, kinazuia mbu na majani pamoja. Mvua za kwanza za msimu ziachwe zipite bila kukingwa, zinaosha vumbi, moshi na mavi ya ndege wa miezi yote ya kiangazi. Hata baadaye, kila mvua ikianza, sukumeni bomba pembeni dakika chache kwanza. Maji ya paa ni mazuri kwa kufulia, kuogea, kupikia na kuoshea vyombo. Ya kunywa yachemshwe. Kuna mama alituambia maji ya mbinguni hayahitaji moto. Ya mbinguni ndiyo, lakini yalipita juu ya bati ambalo paka analala.

Pipa likijaa, na litajaa ndani ya dakika chache, yanayozidi yasiachwe chini ya ukuta. Chimbeni shimo hatua kadhaa kutoka nyumbani, mbali na choo, lijazwe mawe na vipande vya matofali, maji yaingie humo na ardhi iyanywe taratibu. Kwenye mteremko mkali sana shimo lisichimbwe juu kidogo ya nyumba ya jirani, maana litamtokea ukutani.

Na jirani ndiye aliyetupa jibu la kikao. Kwenye avenyu moja ya mlimani kuna wamama wawili wa chama chetu ambao hawakusalimiana mwaka mzima kwa sababu ya maji. Nyumba ya juu ina manjanja mapya, na ukingo wake uko juu ya mpaka wenyewe. Kila mvua ilimwagika kwenye parseli ya chini, jikoni. Wa chini alisema anamwagiwa. Wa juu alisema mvua ni ya Mungu. Jambo hili ni la kale: sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Wabelgiji nao waliitumia kwao, inasema katika kifungu cha 681 kwamba mwenye nyumba ajenge paa lake ili maji ya mvua yaanguke kwenye ardhi yake au kwenye njia ya wote, na asiyamwage kwa jirani. Mvua ni ya Mungu mpaka inapogusa bati. Ikishagusa, ina mwenyewe.

Shefu wa avenyu hakuwa na kitabu hicho, lakini aliamua vivyo hivyo. Alimwambia wa juu afunge gutieri. Wa juu akasema hana pesa. Ndipo wa chini, ambaye jiko lake lilikuwa limeanguka upande mmoja, akasema atatoa nusu kwa sharti kwamba pipa liwekwe mpakani.

Tulilikuta pipa hilo Jumatano, limejaa hadi mdomoni, limefungwa kwa kitambaa cha chandarua. Jiko limejengwa upya na ukuta wake chini ni mkavu. Wamama wenyewe walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake, na bidoni zao. Walikuwa wanabishana nani aanze, na walikuwa wanacheka.